Nairobi hadi New York: usihesabu saa za tiketi, hesabu saa za miguu

Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa umri wa miaka 61, alifika katika kliniki yangu siku ya Ijumaa akiwa na furaha isiyofichika. Bintiye aliyeko Marekani alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na tiketi ya ndege ilikuwa tayari mkobani. Alitaka tu nimwandikie dawa zake za shinikizo la damu za miezi mitatu.

"Si mbali sana," aliniambia akinionyesha tiketi. "Naondoka Nairobi saa tano usiku, nafika New York saa kumi na mbili asubuhi. Saa saba tu, daktari mwanangu. Ni kama kupanda basi la usiku kwenda Mombasa."

Tulicheka. Nikamwandikia dawa, nikamtakia Mwalimu safari njema, nikamwita mgonjwa mwingine. Sikumwuliza lolote kuhusu safari yenyewe.

Miezi mitatu baadaye, siku nne tu baada ya kurejea nchini, aliletwa na mwanawe wa kiume akichechemea. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia gotini hadi kwenye kifundo. Shavu la mguu huo lilikuwa la moto na lilimuuma alipoliguswa. Alikuwa pia ameanza kutweta akipanda ngazi. Yeye alidhani ni uchovu wa safari. Vipimo vya hospitali vilionyesha kwamba damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu, na kipande cha donge hilo kilikuwa kimeshafika pafuni.

Mama huyo alipona, nashukuru. Lakini tangu siku hiyo nimejilaumu, kwa sababu yale ambayo sikumwambia ile Ijumaa yangetuchukua dakika kumi hivi. Ndiyo nitakayokueleza leo, msomaji, hasa wewe ambaye una mtoto, ndugu au masomo ng'ambo na unajiandaa kwa safari.

SAA SABA AU SAA KUMI NA TANO?

Tuanze na hesabu. Kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA) hadi uwanja wa John F. Kennedy mjini New York ni takriban kilomita 11,800 kwa njia iliyo fupi zaidi angani. Barabara ya Nairobi kwenda Mombasa ni karibu kilomita 480. Kwa hivyo ni kana kwamba umekwenda Mombasa na kurudi mara 12 bila kushuka garini.

Shirika la Kenya Airways lilianza safari za moja kwa moja baina ya miji hii miwili tarehe 28 Oktoba 2018. Kwa ratiba iliyotangazwa wakati huo, ndege ilikuwa ikiondoka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku na kufika New York saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Ukitoa hesabu hiyo kwa vidole, utapata saa saba, kama alivyopata Mwalimu wangu.

Kumbe saa ya kuondoka imeandikwa kwa majira ya Nairobi na saa ya kufika kwa majira ya New York. New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi yao, na kwa saa 7 kuanzia Machi hadi mapema Novemba, wanaposogeza saa zao mbele. Ukiongeza saa hizo 8 zilizojificha, unapata saa 15. Huo ndio muda utakaokaa kitini. Saa ya Nairobi wakati huo itakuwa nane na dakika 25 mchana.

Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Saa za tiketi huonekana nyingi kuliko zile utakazokuwa angani. Safari ya kurudi ni fupi kidogo, kama saa 14, kwa sababu upepo mkali wa juu angani huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kuisukuma ndege. Unapokwenda, upepo huo huo unapingana nayo.

Huenda ukasema, "Mimi sitakwenda moja kwa moja, nitapitia Ulaya au nchi za Ghuba." Ni kweli kwamba utapata nafasi ya kunyoosha miguu njiani. Hata hivyo, utakaa kitini mara mbili, na kila mara kwa zaidi ya saa nne. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba safari kadhaa za ndege zinazofuatana kwa muda mfupi nazo huongeza hatari.

KINACHOTOKEA MIGUUNI

Damu inayoshuka hadi miguuni husukumwa na moyo. Lakini ili ipande tena kurudi moyoni, inahitaji msaada wa misuli ya shavu la mguu. Kila unapopiga hatua, misuli hiyo huibana mishipa na kuipeleka damu juu. Fikiria pampu ya mkono ya kisimani. Mkono wa pampu usipoguswa, maji hubaki chini.

Mtu aliyekaa saa nyingi bila kusogea ameiacha pampu yake bila mtu wa kuisukuma. Magoti yamekunjwa, ukingo wa kiti unabana nyuma ya mapaja, na damu inatembea polepole mno. Kwa baadhi ya watu damu hiyo huganda na kuwa donge. Likibaki mguuni, donge hilo huleta uvimbe na maumivu. Likikatika na kusafiri hadi mapafuni, linaweza kuua.

Jambo hili halikuanza na ndege. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikishambuliwa kwa mabomu, daktari Keith Simpson aliandika katika jarida la Lancet kuhusu watu waliokufa kwa madonge ya damu mapafuni baada ya kukaa usiku kucha vitini ndani ya mahandaki. Mwaka 1954 daktari mpasuaji wa Marekani, John Homans, alieleza madhara ya kukaa kwa muda mrefu. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza alikuwa daktari wa miaka 54 aliyekuwa amesafiri kwa ndege kwa saa 14. Hata sisi madaktari hatukuepushwa.

Mwaka 2007 WHO ilitangaza matokeo ya utafiti wake juu ya suala hili. Ilibainika kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari ya kupata donge la damu takriban maradufu. Na si ndege pekee. Gari, basi na treni pia, mradi abiria amekaa bila kusogea. Kwa hivyo hata lile basi la usiku la Mombasa alilolitaja Mwalimu lina somo lake.

Sikuandiki haya kukutia hofu. Kwa watu wenye afya njema, utafiti huo ulikadiria kwamba ni mtu 1 kati ya 6,000 anayepatwa na donge la damu baada ya safari ya ndege ya zaidi ya saa nne. Wengi watakwenda na kurudi salama. Swali la kujiuliza ni kama wewe ni miongoni mwa wale ambao hatari yao ni kubwa kuliko hiyo.

NI NANI AJIHADHARI ZAIDI?

Zungumza na daktari wako mapema, wiki mbili au zaidi kabla ya safari, ikiwa:

- umewahi kupata donge la damu, au mzazi, ndugu au dada yako amewahi;
- umefanyiwa upasuaji mkubwa hivi karibuni, au mguu wako umefungwa plasta;
- una saratani au unatibiwa saratani;
- una mimba, au umejifungua katika wiki sita zilizopita;
- unatumia tembe za kupanga uzazi zenye homoni ya estrojeni, au dawa za homoni za baada ya kukoma hedhi;
- una uzani mkubwa kupita kiasi;
- wewe ni mrefu sana, zaidi ya mita 1.9, au mfupi, chini ya mita 1.6.

Usishangae kuhusu watu wafupi. Miguu isiyofika sakafuni vizuri huacha uzito wote wa paja ukingoni mwa kiti, na ukingo huo hubana mishipa.

Mwalimu wangu ana urefu wa futi tano na inchi mbili, na uzani wake umezidi. Laiti ningemuuliza, angeniambia pia kwamba dadaye aliwahi kulazwa kwa donge la damu baada ya kujifungua. Alikuja kuniambia baadaye, akiwa tayari kitandani.

Kwa wajawazito, mashirika mengi ya ndege huhitaji barua ya daktari baada ya wiki 28, na hayamchukui mwenye mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki 36, au ya mapacha baada ya wiki 32. Uliza shirika lako kabla ya kulipa nauli, na uhesabu pia tarehe ya kurudi.

UKIWA NDANI YA NDEGE

Mwalimu alinisimulia alivyosafiri. Alikaa dirishani. Kando yake walikuwa vijana wawili waliolala fofofo, naye akaona haya kuwaamsha. Ili asihitaji kwenda msalani, akaacha kunywa maji. Akajifunika blanketi, akakunja miguu, akalala. Kwa saa 14 aliinuka mara moja tu.

Adabu ya namna hii ni ya hatari. Fanya hivi badala yake:

Chagua kiti kilicho kando ya njia ya kupitia, ili uinuke bila kumwomba mtu radhi.

Kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho, inuka utembee hadi nyuma ya ndege na kurudi, ikiwa taa ya kufunga mikanda imezimwa. Ukiwa umeketi, bonyeza sakafu kwa vidole huku ukiinua visigino, kisha ubonyeze kwa visigino huku ukiinua vidole. Rudia mara 20 au 30. Hiyo ndiyo kusukuma pampu.

Usiweke mkoba chini ya kiti cha mbele ikiwa utakuzuia kunyoosha miguu.

Kunywa maji kidogo kidogo safari nzima. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana. Unyevu wake kwa kawaida ni chini ya asilimia 20. Ndiyo maana midomo hupasuka na macho kuwasha. Pombe ipunguze au uiache kabisa.

Usimeze tembe za usingizi. Mtu aliyelala kwa dawa hageuki, na miguu yake hukaa katika hali moja kwa saa nyingi.

Soksi maalumu za kubana, zinazofika chini ya goti, husaidia hasa wale walio katika orodha niliyotaja. Ni lazima zikutoshe sawasawa, kwa hivyo pimwa kabla ya kununua. Mwenye ugonjwa wa mishipa inayopeleka damu miguuni, au mwenye kisukari kilichoathiri nyayo, asizivae bila ushauri wa daktari.

Wengi huniuliza kuhusu aspirini. Usiimeze kwa ajili ya safari tu. Kinga yake kwa jambo hili si ya kutegemewa, na inaweza kuleta vidonda na kutokwa na damu tumboni. Wale wachache ambao hatari yao ni kubwa sana wana dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, lakini hizo hutolewa na daktari baada ya kukupima.

DAWA ZAKO NA SAA MBILI

Hapa ndipo zile saa zilizojificha kwenye tiketi huwatatiza wagonjwa wengi. Ukielekea New York, siku yako hurefuka hadi saa 31 au 32. Ukirudi Nairobi, hufupika hadi saa 16 au 17. Je, tembe ya "kila siku asubuhi" itamezwa saa ngapi?

Kwa dawa nyingi za shinikizo la damu zinazomezwa mara moja kwa siku, kusogeza saa chache hakuleti madhara. Kosa ni kumeza mara mbili kwa hofu kwamba umepitisha wakati. Njia rahisi ni kuvaa saa ya mkononi iliyobaki kwenye majira ya Nairobi hadi ufike. Fuata saa hiyo njiani, kisha uhamie majira ya huko polepole kama utakavyoelekezwa.

Mwenye kisukari anayejidunga insulini asijifanyie hesabu hizi peke yake. Siku ndefu inaweza kumwacha na upungufu wa insulini, na siku fupi inaweza kumfanya ajidunge mara mbili kwa karibu na sukari ikashuka vibaya. Njoo kwa daktari na tiketi yako, muandikiane ratiba kwenye karatasi. Ndivyo pia kwa anayetumia dawa za kifafa, za kuzuia damu kuganda au za kupunguza makali ya virusi vya HIV, ambazo hazipaswi kurukwa.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba unaoingia nao ndani, katika vifurushi vyake vya dukani, pamoja na barua ya daktari. Insulini isiwekwe kabisa katika sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Inaweza kuganda kwa baridi, na ikishaganda haifai tena.

HEWA YA JUU

Ndani ya ndege hewa hupunguzwa shinikizo hadi kufanana na ile ya mlimani. Katika ndege nyingi inaweza kufikia ile ya mahali palipo mita 2,400 juu ya bahari. Katika Boeing 787, aina iliyotumika safari hizi zilipoanzishwa, ni kama mita 1,800. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700, kwa hivyo mkazi wa Nairobi hataona tofauti kubwa. Wa Mombasa au Lamu, aliyezoea hewa ya pwani, huenda akaihisi.

Hali hii haimsumbui mtu mzima wa afya. Lakini mwenye ugonjwa mkali wa moyo au mapafu, upungufu mkubwa wa damu au ugonjwa wa selimundu ni lazima apimwe kwanza, maana huenda akahitaji oksijeni njiani. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au wa jicho hivi karibuni pia aulize, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ya mwili hutanuka ndege inapopaa.

SAA YA MWILI

Sisi Waswahili huhesabu saa tangu kunapokucha. Jua likichomoza, siku imeanza, na baada ya muda mfupi ni saa moja. Mwili nao huhesabu hivyo hivyo. Ndani ya ubongo mna saa inayopangwa na mwanga, na saa hiyo haisogezwi kwa kugeuza mishale ya ile ya mkononi. Kwa kawaida husogea kama saa moja kwa siku. Tofauti ya saa 7 au 8 basi itahitaji karibu wiki nzima.

Ukifika New York, usingizi utakujia kabla ya jua kutua, na utaamka usiku wa manane ukiwa na njaa ya mchana. Toka nje upate mwanga wa alasiri, jitahidi ulale wakati wenyeji wanapolala, na usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Ukirudi Nairobi ni kinyume: usiku usingizi utakataa, na asubuhi utakuwa mzito. Wengi huona kurudi ni kugumu zaidi kuliko kwenda. Usijiendeshe gari kutoka JKIA siku hiyo. Mwombe mtu aje kukupokea.

DALILI ZA KUKUKIMBIZA HOSPITALI

Miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya safari ni jambo la kawaida, na huisha kwa siku moja au mbili. Lakini usingoje ukiona:

- mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, unauma, una joto au umebadilika rangi;
- pumzi inakata ghafla;
- kifua kinachoma unapovuta hewa;
- unakohoa damu, au unazirai.

Dalili hizi zinaweza kuja siku kadhaa, hata wiki kadhaa, baada ya kushuka ndegeni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari, hata kama hakuuliza, kwamba umesafiri safari ndefu. Usiukande mguu huo wala usiuchue kwa mafuta. Tatizo hili lina dawa, na likigunduliwa mapema mgonjwa hupona.

Mwezi uliopita Mwalimu alirudi kliniki na tiketi mpya. Mjukuu wake anatimiza miaka miwili, naye hataki kusikia kwamba hatakwenda. Safari hii hakukaa dakika tano. Tulipitia dawa zake moja moja, tukapanga dawa ya kuzuia damu kuganda kwa siku za safari, na akapimwa soksi. Kiti chake ni cha kando ya njia. Alipokuwa akiinuka nilimuuliza, "Mwalimu, ni saa ngapi hadi New York?"

"Kumi na tano," alijibu. "Na nitainuka mara nane. Hao vijana watanisamehe."

Nawe msomaji, ukikata tiketi, toa kalamu kwanza. Andika pembeni saa utakazokaa kitini, kisha umpelekee daktari wako. Safari njema.